Wakili wa Bure Hafuati Deni

Tuchukue fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Mwezi Januari shule moja ya binafsi imemwagiza sare 60, kila moja shilingi 1,200. Jumla ni 72,000. Amepewa 20,000 za kununulia kitambaa, ameshona usiku na mchana, amepeleka mzigo, na tangu siku hiyo mwenye shule amekuwa mtu wa kesho. Wazazi hawajalipa karo. Mhasibu kasafiri. Kisha simu ikaacha kushikwa kabisa.

Jirani yake, muuza nazi, anamwambia: nenda kwa mawakili wa serikali, wale ni bure. Fundi anafunga kibanda nusu siku, anapanda matatu hadi mjini, anapanga foleni, anaeleza kisa chote kuanzia kitambaa hadi kifungo cha mwisho, na anajibiwa kwa upole kwamba deni si jambo ambalo ofisi ile inaruhusiwa kulibeba.

Fundi huyu nimemtunga. Jibu alilopewa sikulitunga. Limeandikwa kwenye sheria.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ilipitishwa mwaka 2016, miaka sita baada ya katiba kuahidi, katika kifungu cha 48, kwamba serikali itahakikisha kila mtu anaifikia haki na kwamba ada, kama lazima itozwe, isiwe kizingiti. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, NLAS. Kazi yake ni kumsimamia mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili, awe raia, mtoto, mkimbizi au mtu aliyeokolewa mikononi mwa walanguzi wa binadamu. Lakini kifungu cha 35 kinataja kesi za madai ambazo huduma hiyo haitazigusa: kesi za kampuni au chombo chochote kisichokuwa binadamu, kesi za kodi ya serikali, kesi za kufuatilia madeni, kesi za kufilisika, na kesi za kuchafuliana jina.

Isome orodha hiyo ukiwa umesimama nyuma ya kaunta ya duka. Ukiondoa hilo la mwisho, ni kana kwamba kuna mtu alimfuata mfanyabiashara mdogo mwaka mzima akinukuu yanayomkosesha usingizi, halafu akayafungia yote nje.

Sababu yake inaeleweka. Mfuko ni mdogo, na kwenye foleni yupo mshtakiwa wa wizi wa kimabavu aliye rumande bila wakili, yupo mjane anayetolewa shambani na mashemeji, yupo mtoto anayegombewa na wazazi. Tena serikali ikianza kulipia mawakili wa kudai madeni, kila mwenye duka la jumla ataigeuza ofisi yake ya kukusanyia pesa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mlango ulifungwa kwa nguvu kupita kiasi. Mama mboga anayedai 15,000 si mwenye duka la jumla. Hizo ndizo pesa zake za kwenda kununua sukumawiki kesho alfajiri.

Na wakili wa kulipwa? Ada za mawakili Kenya zina viwango vilivyowekwa kisheria, na wakili hukatazwa kutoza chini ya kiwango. Hata akikuhurumia, hesabu haitoki: deni la 52,000 likishatolewa ada, nauli na siku ambazo kibanda kimefungwa, unaweza kujikuta umeshinda kesi ukabaki na pesa ya chai.

Kwa hiyo mtu akikwambia kuna msaada wa kisheria wa bure, muulize ni bure ya aina gani. Iko ya wakili anayelipwa na serikali, ambayo tumeona mipaka yake. Iko ya wakili au shirika linalojitolea, ambalo huchagua lenyewe limsaidie nani. Na iko ya tatu, ambayo watu hawaihesabu kuwa msaada kwa sababu haina mtu wa kumwambia ahsante: mahakama na majopo yaliyoundwa makusudi ili usihitaji wakili. Kwa mwenye biashara ndogo, hii ya tatu ndiyo yenye nyama.

Wewe ni mtu au ni kampuni?

Kabla hatujafika huko kuna swali ambalo wengi hawajajiuliza. Anayedai au kudaiwa ni wewe, au ni kampuni yako?

Aliyesajili jina la biashara tu, na hata ambaye hajasajili chochote, ni yeye mwenyewe mbele ya sheria. Jina lililoandikwa kwenye bango ni kama lakabu. Deni ni lake, faida ni yake, na akienda kuomba msaada kwa jambo lisilo kwenye ile orodha, anatazamwa kama raia mwingine yeyote asiye na uwezo. Lakini aliyesajili kampuni amezaa mtu mwingine kisheria, hata kama mtu huyo anaishi kwenye kibanda cha mabati cha futi nane kwa kumi. Mtu huyo hana msaada wa kisheria wa serikali katika kesi ya madai, basi.

Wengi walifungua kampuni kwa sababu ya zabuni za kaunti, au kwa sababu jina lenye "limited" mwishoni lina heshima. Sisemi walikosea. Kampuni humkinga mwenyewe, nyumba yake isiuzwe kwa deni la biashara, mradi hakutia sahihi kama mdhamini binafsi wa mkopo (na mkopeshaji mwerevu hatakuacha utoke ofisini kwake bila kuitia). Ninachosema ni kwamba kinga hiyo ina bei yake, na sehemu ya bei ni mlango huu.

Korti ya siku sitini

Turudi kwa fundi. Mwaka uleule wa 2016 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo. Mwanzoni kikomo cha dai kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja. Mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na baadaye zikaenea mijini, Mombasa ikiwemo. Anayekaa mbele si hakimu wa kawaida bali mwamuzi, ambaye naye lazima awe wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu.

Inapokea madai ya bidhaa au huduma iliyotolewa bila kulipwa, pesa uliyomwekea mtu akakataa kuirudisha, mali yako iliyoharibiwa au kuzuiliwa, pamoja na fidia ya kuumizwa. Haipokei mgogoro wa ardhi, wala wa mwajiri na mfanyakazi, wala wa kuchafuliana jina. Kampuni, iliyofungiwa nje ya msaada wa serikali, humu inaruhusiwa kudai kama mtu mwingine.

Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Ikianza kusikizwa iendelee siku baada ya siku, na hukumu itoke ndani ya siku tatu. Aliyewahi kuona kesi ya deni ikiahirishwa mara saba katika korti ya kawaida atajua huo ni muujiza. Muujiza huo hautokei kila mara, maana kesi ni nyingi na waamuzi ni wachache, na majaji wa Mahakama Kuu wenyewe wametofautiana kuhusu hukumu inayotoka baada ya siku hizo kwisha. Hata ikichelewa kidogo, bado si miaka.

Fundi anaweza kusimama mwenyewe na kuzungumza Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha za mahakama hiyo kwa mujibu wa sheria. Akishindwa kufika, anaweza kumtuma mtu anayeijua kesi na aliyepewa idhini. Mawakili utawaona humo, hasa kwenye kesi za ajali za barabarani, lakini kuwepo kwao si lazima. Dai hufunguliwa kwa fomu, na kwa kuwa siku hizi mambo ya korti hupitia mtandaoni, watu wengi huishia kwa kijana wa saiba (duka la intaneti) amsaidie kupakia karatasi. Kuna ada ya kufungua, na ukishinda unaweza kuidai kwa aliyeshindwa. Kwa korti za kawaida, fukara wa kweli anaweza kuomba ruhusa ya kushtaki bila kulipa ada. Kanuni za mashauri ya madai zina amri nzima juu ya hilo, ya 33, na ni nadra kusikia mtu akiitumia.

Kinachowaangusha watu katika madai madogo mara nyingi si sheria. Ni karatasi.

Mwamuzi hafungwi sana na kanuni kali za ushahidi, na hilo ni jambo jema kwa mtu asiyesomea uanasheria, lakini hawezi kuhukumu kwa kuangalia sura. Je, fundi ana nini? Ana daftari la mzigo, lenye doa la mafuta ya cherehani, ambamo karani wa shule ametia sahihi kupokea sare 60. Ana taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zile 20,000 zilitoka kwa nani na lini. Halafu ana kitu ambacho karibu akifute kwa hasira: ujumbe wa WhatsApp wa mwenye shule, "Fundi nivumilie, nitakumalizia mwisho wa mwezi." Ujumbe huo unashinda mashahidi watatu. Mdaiwa amekubali deni kwa kidole chake mwenyewe. Kazi iliyobaki ni kuuhifadhi, kuuchapisha ukionyesha namba na tarehe, na kuomba Mungu simu isiibwe kabla ya siku ya kesi.

Mapatano ya mdomo ni mapatano halali, kinyume na wanavyodhani wengi. Miongoni mwa yanayotaka maandishi ni la mdhamini. Yule anayekwambia "mpe tu huyo kijana mzigo, asipolipa mimi nitalipa," akikataa baadaye huna la kumfanya kama hakuandika na kutia sahihi. Na muda una mwisho: dai la mapatano hufa baada ya miaka sita, lile la kuharibiwa mali baada ya miaka mitatu.

Kuna njia mbili ambazo watu huzikimbilia kabla ya korti. Ya kwanza ni kwa chifu au wazee wa mtaa, na hiyo naipenda, kwa sharti moja: yakifikiwa makubaliano yaandikwe, wote watie sahihi. Hata yakivunjwa, karatasi hiyo ni ushahidi kwamba deni lilikubaliwa. Ya pili ni polisi, na hiyo inaharibu zaidi ya inavyojenga. Kudaiwa si kosa la jinai. Kama mtu hakukutapeli tangu mwanzo, polisi hana kesi hapo, na yule anayejitolea "kukusaidia kumtisha kidogo" atataka chake kutoka kwako kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo vipeperushi vya mahakama hulipitia haraka: kushinda si kulipwa. Hukumu ni karatasi. Aliyeshindwa akikaa kimya, ni juu yako kurudi mahakamani kuomba itekelezwe, kwa dalali mwenye leseni kukamata mali, au kwa amri ya kushika pesa zake zilizo benki au kwa mtu mwingine. Dalali naye ana gharama zake. Kwa hiyo mdaiwa akiomba kulipa kwa awamu, na ukaona ana biashara inayotembea, kubali. Ila awamu ziingizwe kwenye amri ya mahakama zikiwa na tarehe. Shule iliyofungua muhula itapata shilingi 13,000 kila mwezi kwa miezi minne. Pesa zote 52,000 kwa siku moja huenda isizipate, na viti vya darasani vikipigwa mnada havitafika nusu ya deni.

Anayetaka kukata rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu. Hawezi kwenda huko kusema upya kwamba sare zilikuwa 50.

Kufuli ngeni mlangoni

Jambo la pili linalowapeleka wafanyabiashara kutafuta wakili ni mwenye jumba. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, mkate umeshushwa mlangoni, na juu ya kufuli yako kuna kufuli nyingine usiyoijua. Au keateka, mwangalizi wa jumba, anakuletea kikaratasi: kuanzia tarehe mosi kodi imepanda maradufu, asiyetaka aondoke.

Hapa wapangaji wengi hukubali haraka kwa sababu wanaamini hawana mkataba. "Mimi sina chochote cha maandishi, nitamwambia nini?" Ukweli uko kinyume kabisa, na kati ya yote yaliyomo katika makala haya, hili ndilo ningependa limfikie kila mwenye duka. Kenya ina sheria ya tangu 1965, sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Upangaji usioandikwa popote uko ndani ya ulinzi huo moja kwa moja. Ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano umo pia. Na duka hapa lina maana pana: chumba kinachotumika kwa kuuza rejareja au jumla, au kutoa huduma kwa malipo. Kinyozi yumo. Fundi simu yumo.

Sasa utaelewa kwa nini mikataba mingi ya majumba makubwa ya biashara huandikwa ya miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu si zawadi; ndiyo inayomtoa mpangaji nje ya sheria hiyo.

Aliye ndani hawezi kuondolewa, wala kodi yake kupandishwa, kwa kikaratasi cha keateka. Mwenye jumba lazima atoe ilani kwa fomu maalum iliyowekwa na sheria, ataje sababu, na ilani isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Ilani hiyo hukutaka ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au hukubali. Usipokubali, unapeleka jambo kwa jopo la kodi za majengo ya biashara, ambalo watu wa biashara hulitaja kwa herufi zake za Kiingereza, BPRT, na ufanye hivyo kabla tarehe ya ilani haijafika. Ukishafanya hivyo ilani inalala hadi jopo liamue. Tarehe ikipita umekaa kimya, ilani inasimama. Nimeona wenye duka hodari wa hesabu wakipoteza chumba cha miaka mingi kwa sababu karatasi ilikaa kwenye droo pamoja na risiti za soda.

Sababu halali za kumtoa mpangaji zimetajwa, miongoni mwake: kutolipa kodi kwa miezi miwili au kuchelewesha kila mara, kuharibu jengo, mwenyewe kutaka kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka. Kwa hiyo ulinzi huu si wa mdaiwa sugu. Mwenye malimbikizo ya miezi mitatu atakayekwenda kwa jopo kulalamikia kufuli ataulizwa kwanza kodi iko wapi. Lipa kodi hata mkigombana, tena kwa njia yenye alama, benki au M-Pesa, si mkononi mwa keateka.

Ulinzi huu una shimo moja kubwa. Upangaji ambao serikali au serikali ya mtaa ni upande mmojawapo haumo. Mwenye kibanda ndani ya soko la kaunti hana kinga ya sura ya 301. Mgogoro wake na kaunti unakwenda njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo inahitaji wakili au umoja wa wafanyabiashara wenye sauti. Pale ambapo mpangaji ni mnyonge zaidi na mwenye jumba ni mkubwa zaidi, ndipo sheria ilipoamua kunyamaza.

Kanjo, kodi ya serikali, mikopo ya simu

Mengine nitayapitia haraka.

Mchuuzi aliyekamatwa na kanjo, askari wa kaunti, yuko kwenye kesi ya jinai, si ya madai, kwa hiyo ile orodha ya kifungu cha 35 haimhusu; anaweza kuomba msaada wa NLAS. Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na aelezwe kosa lake. Wengi hukiri ili waachiliwe wakauze, na kwa faini ndogo hesabu hiyo ina akili yake. Ila kukiri ni hatia, na hatia hukaa kwenye kumbukumbu. Bidhaa zilizochukuliwa, dai ziorodheshwe palepale. Mzigo wa nyanya usio na orodha huwa haukuwahi kuwepo.

Kodi ya serikali ni eneo lingine lililofungiwa nje ya msaada wa serikali, lakini hapa pia kinachookoa ni tarehe kuliko wakili. Ukipewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatisha karatasi zako. Mamlaka ya Mapato nayo ina siku 60 za kuamua pingamizi lililo sawasawa. Ikikaa kimya, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Uamuzi ukikuumiza, una siku nyingine 30 za kwenda Jopo la Rufaa za Kodi. Anayekaa miezi minne akitumaini watamsahau huwa ameshatupa silaha zake zote.

Na ile mikopo ya simu ambayo mwenye duka huchukua saa nne asubuhi kununulia mzigo: mkopeshaji akianza kuwapigia dada yako, mchungaji wako na wateja wako kuwatangazia deni lako, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019. Malalamiko ni bure, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Deni litabaki pale pale. Aibu ndiyo itakayokoma, na huenda ikawa na fidia.

Dakika kumi za wakili

Sasa wale wanaojitolea. Kituo Cha Sheria, kilichoanza 1973, ndicho kongwe kati ya mashirika ya kusaidia maskini kisheria nchini, na kina ofisi Mombasa pia. Mfanyabiashara mwanamke ambaye biashara yake imeingia katikati ya ugomvi wa ndoa au mirathi atasikizwa na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanza 1985. Baadhi ya vyuo vikuu vina kliniki za sheria ambako wanafunzi hushauri wakisimamiwa na walimu wao. Mashirika haya hayafungwi na kifungu cha 35, lakini yana foleni na vipaumbele vyake, na deni la biashara mara nyingi liko chini ya orodha. Msaidizi wa kisheria wa mtaani, asiye wakili, atakuandikia barua na kukuelekeza dirisha lipi. Kukusimamia kortini kama wakili hawezi, na anayesema anaweza mwepuke.

Nafasi ambayo wafanyabiashara hawaitumii vya kutosha ni wiki ya uhamasisho wa kisheria ambayo Chama cha Mawakili cha Kenya huifanya kila mwaka. Mawakili hukaa chini ya mahema, mara nyingi kwenye viwanja vya mahakama, na kila ajaye na swali lake hujibiwa bila kulipa. Hupewi wakili wa kesi nzima. Unapewa dakika zake kumi au kumi na tano, na faida ya dakika hizo inategemea ulivyojiandaa. Anayeanza na "wakili, kisa hiki ni kirefu" ataondoka na pole. Anayeweka mezani karatasi tatu na kuuliza "nidai wapi, na ninakosa nini hapa?" ataondoka na jibu.

Nje ya uzio wa mahakama hiyohiyo utakutana na wale wengine, wenye bahasha ya kaki kwapani, wanaomjua karani na wanaoweza "kukusukumia faili." Kabla hujampa mtu senti kama wakili, tafuta jina lake katika orodha ya mawakili kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, inaonyesha kama ana cheti cha mwaka huu. Haikugharimu ila bando la dakika mbili. Na wakili wa kweli akikudhulumu, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo haitozi kitu.

Fundi wetu alikwenda kwenye hema akiwa na barua ya madai aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la vipimo:

"Mnamo tarehe 9 Januari mliniagiza sare 60 kwa shilingi 1,200 kila moja. Nilizileta tarehe 30 Januari, karani wenu akazipokea na kutia sahihi. Mmelipa 20,000, zimebaki 52,000. Mimi ni mtu mvumilivu lakini mmenidharau sana na Mungu anawaona. Msiponilipa ndani ya siku 14 nitawaletea polisi mbele ya wazazi."

Wakili aliisoma mara moja, akaomba kalamu. Sentensi tatu za mwanzo hakuzigusa. Ya Mungu aliifuta kwa mstari mmoja, akisema ni kweli lakini mwamuzi haihitaji. Ya polisi aliifuta kwa mistari miwili, na juu yake akaandika: "nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa, na nitadai pia gharama." Akamwambia apige nakala mbili, mwenye shule au karani wake atie sahihi kwenye moja, na hiyo moja arudi nayo nyumbani.